Usikariri Duaradufu, Uulize Mlinganyo

Mtahiniwa wa kidato cha nne, fungua daftari lako pale ulipoandika habari za duaradufu. Kama linafanana na madaftari mengi, utakuta visanduku viwili vilivyochorwa kwa rula. Kimoja kina kichwa "duaradufu iliyolala", kingine "duaradufu iliyosimama". Ndani ya kila kisanduku kuna kanuni tano au sita: za ncha, za fokasi, za urefu wa mhimili mkubwa, za urefu wa mhimili mdogo. Ukizihesabu zote zinakaribia dazeni. Usiku wa kuamkia mtihani unazirudia kimoyomoyo kama mtu anayehifadhi namba za simu.

Maoni yangu ni kwamba visanduku hivyo vinakuponza zaidi ya kukusaidia. Mtu anayeweza kuweka sifuri mahali pa x, kisha akaweka sifuri mahali pa y, anaweza kuchora duaradufu yoyote atakayopewa bila kukariri hata kisanduku kimoja. Nitakuonyesha kwa namba, kisha uamue mwenyewe.

Iwe unaisoma duaradufu kwa ajili ya Hisabati ya Ziada, au unajiandaa mapema kwa tahasusi ya PCM, PGM au EGM, hoja ni ileile. Na hata kama hutaiona tena baada ya mwaka huu, namna ya kuuliza mlinganyo nitakayoieleza hapa itakufaa kwenye mstari mnyoofu, kwenye duara na kwenye kila grafu nyingine.

Chapati moja, watu wawili

Tuanze na mlinganyo huu:

x²/25 + y²/9 = 1

Usikimbilie kutafuta a na b. Usome kwanza kama unavyosoma sentensi. Unasema kwamba sehemu mbili zikijumlishwa hupatikana 1. Sehemu ya kwanza ina x², ya pili ina y², na namba yoyote ikizidishwa kwa yenyewe jibu haliwi hasi. Kwa hiyo sehemu hizi mbili ni kama watu wawili wanaogawana chapati moja. Mmoja akichukua nusu, mwenzake anapata nusu. Mmoja akichukua yote, mwenzake hapati kitu. Hakuna anayeweza kuchukua chapati moja na robo, kwa sababu chapati ni moja tu.

Sasa mpe x chapati yote. Maana yake y ni 0, na x²/25 = 1. Kwa hiyo x² = 25, na x ni 5 au −5. Grafu inakata mhimili wa x kwenye (5, 0) na (−5, 0). Halafu mpe y chapati yote. Sasa x ni 0, y² = 9, na y ni 3 au −3. Grafu inakata mhimili wa y kwenye (0, 3) na (0, −3).

Kwa kazi hiyo fupi tayari unajua mambo matatu. Unajua kwamba umbo lako halitoki nje ya mstatili wenye upana wa 10 na kimo cha 6. Unajua kwamba limelala, kwa sababu 5 ni kubwa kuliko 3. Tena unajua kwamba namba za kuweka kwenye mihimili ni 5 na 3, si 25 na 9. Kosa la kusahau kipeuo cha pili humpata sana yule aliyekariri kwamba "namba ya chini ndiyo inayopelekwa kwenye mhimili". Anayeuliza mlinganyo hapotei hapo, kwa kuwa hesabu yenyewe inamlazimisha kutafuta kipeuo.

Nukta nne hazitoshi

Watahiniwa wengi wakishapata nukta nne huona kazi imekwisha. Hapo ndipo michoro inapoharibika, na huharibika kwa njia mbili.

Wa kwanza huunganisha nukta nne kwa mistari inayokaribia kunyooka, akapata tiara ya watoto. Wa pili huzungusha vizuri juu na chini, lakini akifika kwenye ncha za kulia na kushoto anazichonga, akapata mtumbwi. Wote wawili wana nukta nne sahihi, na wote wawili hawajachora duaradufu.

Dawa ni kuuliza mlinganyo maswali mawili zaidi. Weka x = 3. Sehemu ya x inachukua 9/25 ya chapati, zinabaki 16/25. Kwa hiyo y²/9 = 16/25, na y ni 12/5, yaani 2.4. Weka x = 4. Sehemu ya x inachukua 16/25, zinabaki 9/25, na y ni 9/5, yaani 1.8.

Sasa angalia faida. Kwa kuwa x na y zote zimepandishwa kwenye kipeo cha pili, alama ya hasi haibadilishi kitu. Nukta (3, 2.4) inakuletea pia (−3, 2.4), (3, −2.4) na (−3, −2.4). Nukta (4, 1.8) nayo inaleta nyingine tatu. Umefanya hesabu mbili, umepata nukta nane. Ukijumlisha na zile nne za mwanzo, una nukta 12. Kwa nukta 12 mkono hauna nafasi ya kubuni.

Mpime yule wa tiara kwa namba hizi. Mstari ulionyooka kutoka (0, 3) hadi (5, 0), ukifika x = 3, una kimo cha 1.2. Duaradufu pale ina kimo cha 2.4, mara mbili kamili. Hilo si kosa dogo la mkono. Ni umbo jingine.

Mpime na yule wa mtumbwi. Weka x = 4.8, karibu kabisa na ncha. Sehemu ya x inachukua 23.04/25, zinabaki 1.96/25, na y inakuwa 3 × 1.4/5, yaani 0.84. Ikiwa imebaki 0.2 tu kufika mwisho, duaradufu bado ina kimo cha 0.84 juu ya mhimili. Kisha inashuka yote katika hatua hiyo fupi. Maana yake ni kwamba ncha yake ni ya mviringo, na pale (5, 0) mstari unapita wima. Haiwezi kuwa na kona.

Herufi zinazobadilisha makazi

Sababu kubwa inayonifanya nipinge visanduku ni herufi zenyewe. Katika baadhi ya vitabu, a ni jina la ile kubwa siku zote, iwe iko chini ya x au chini ya y. Katika vitabu vingine, a hukaa chini ya x siku zote, hata kama ndiyo ndogo. Utaratibu wote miwili ni sahihi, mradi mwandishi asiuchanganye. Lakini mwanafunzi aliyekariri kisanduku kutoka kitabu kimoja, akafanya mazoezi kutoka kitabu kingine, anaingia mtihanini na a mbili zinazogombana kichwani.

Tazama pia swali hili, ambalo kwa mtu wa kukariri ni mtego:

4x² + 9y² = 36

Anayekariri anaona 4 karibu na x, anachukua kipeuo, anaweka 2 kwenye mhimili wa x. Anaona 9 karibu na y, anaweka 3 kwenye mhimili wa y. Amechora duaradufu iliyosimama, na amekosea. Wewe uulize mlinganyo. Ukiweka y = 0, unapata 4x² = 36, x² = 9, x ni 3 au −3. Ukiweka x = 0, unapata 9y² = 36, y² = 4, y ni 2 au −2. Duaradufu imelala. Ukitaka kuiandika kwa umbo la kawaida, gawanya kila kitu kwa 36 upate x²/9 + y²/4 = 1, na utaona namba zimekubaliana na nukta zako. Umegundua hata kabla ya kugawanya, bila mtu kukuonya kwamba kuna mtego.

Kitovu kikihama

Wapo watakaosema: "Sawa, lakini kitovu kikihama kutoka (0, 0), ni lazima nirudi kwenye kanuni." Hapana. Chukua huu:

(x − 2)²/9 + (y + 1)²/16 = 1

Chapati ni ileile, na wanaogawana ni walewale wawili. Kilichobadilika ni mahali ambapo kila mmoja anabaki mikono mitupu. Sehemu ya x inakuwa sifuri pale x inapokuwa 2. Sehemu ya y inakuwa sifuri pale y inapokuwa −1. Kwa hiyo kitovu ni (2, −1). Huhitaji kukariri kwamba "alama hugeuzwa". Uliza tu mabano yanakuwa sifuri wapi, na alama itajigeuza yenyewe.

Kutoka kwenye kitovu, sehemu ya x ikichukua chapati yote, (x − 2)² = 9, kwa hiyo unatembea hatua 3 kulia na hatua 3 kushoto: unafika (5, −1) na (−1, −1). Sehemu ya y ikichukua yote, (y + 1)² = 16, unatembea hatua 4 juu na hatua 4 chini: unafika (2, 3) na (2, −5). Duaradufu imesimama, kwa sababu 4 ni kubwa kuliko 3.

Kabla hujafuta penseli, hakiki nukta moja. Weka (2, 3) kwenye mlinganyo: sehemu ya kwanza ni 0, ya pili ni 16/16, jumla ni 1. Imekubali. Uhakiki huo ni wa sekunde chache. Kanuni uliyoikariri vibaya, kwa upande wake, haikuambii kwamba umeikosea.

Fokasi ni misumari miwili

Sasa tufike kwenye kanuni inayoogopwa kuliko zote, ile ya fokasi: c² = a² − b². Wengi huichanganya na kanuni ya Pythagoras kwa kuweka alama ya kujumlisha. Nakushauri usiikariri kabla hujaichora kwa mikono yako.

Tafuta kipande cha ubao laini, misumari miwili na uzi. Gongomea misumari ikiwa mbali kwa sentimita 8. Funga ncha moja ya uzi kwenye msumari mmoja na ncha ya pili kwenye msumari wa pili, uzi uliobaki kati ya mafundo uwe sentimita 10. Ukaze kwa ncha ya penseli, kisha uzungushe penseli huku uzi umekaza, upande wa juu kwanza, halafu upande wa chini. Umechora ile duaradufu yetu ya kwanza, yenye 5 na 3, na misumari ndiyo fokasi zake.

Penseli ikiwa juu kabisa katikati, uzi umegawanyika sawa: sentimita 5 kila upande. Toka kitovu hadi msumari ni sentimita 4. Toka kitovu hadi penseli ni sentimita 3. Mbele yako ipo pembetatu ya mraba ya 3, 4 na 5, rafiki yako tangu kidato cha pili. Hapa 5, ambayo ni nusu ya upana wa duaradufu, ndiyo upande mrefu wa pembetatu. Kwa hiyo 5² = 3² + 4², na ukitafuta 4 unatoa: 25 − 9 = 16. Alama ya kutoa si ya kukariri. Inatoka kwa Pythagoras yuleyule, na aliyeushika uzi huo mara moja hataandika jumlisha mahali pake.

"Lakini muda hautoshi"

Najua pingamizi lenye nguvu zaidi. Utasema mtihani una maswali mengi, saa inakimbia, na kanuni iliyokaririwa hujibu haraka. Pingamizi hilo nalichukulia kwa uzito, kwa sababu muda wa mtihani ni kitu cha kweli.

Hebu basi tupime. Kutafuta nukta nne kwa kuweka sifuri ni mistari minne. Kukumbuka kisanduku, kuamua kama ni cha kulala au cha kusimama, kuamua a ni ipi, kisha kuandika ncha, nako si chini ya mistari minne. Kwa hiyo muda unaodhani umeuokoa ni mdogo sana. Ukichanganya visanduku, unafuta na kuanza upya, na hapo ndipo muda unapopotea kweli.

Sisemi kwamba kanuni ni mbaya au kwamba mwalimu aliyekupa amekosea. Kanuni ni muhtasari. Muhtasari humfaa aliyekwisha soma habari yenyewe. Mwalimu wako anaandika kanuni ubaoni kwa sababu yeye nyuma yake anaona grafu. Kazi yako ni kuiona grafu hiyo pia, na baada ya hapo kanuni itakaa kichwani yenyewe, bila kulazimishwa.

Picha inayodanganya

Hasara ya kukariri umbo bila namba haiishii kwenye hisabati. Mwaka 1609 Johannes Kepler alichapisha kitabu chake Astronomia Nova, akaonyesha kwamba sayari ya Mirihi huzunguka Jua kwa njia ya duaradufu, Jua likiwa kwenye fokasi moja. Dunia yetu nayo hufanya hivyo. Katika madaftari mengi ya Jiografia njia hiyo huchorwa imebanwa kama yai refu. Kutokana na picha hiyo mwanafunzi hujifunza jambo la uongo: kwamba joto huja Dunia inapokaribia Jua na baridi huja inapokwenda mbali.

Ichore kwa namba. Mwanzoni mwa Januari Dunia iko umbali wa kilomita milioni 147.1 hivi kutoka kwenye Jua. Mwanzoni mwa Julai iko kilomita milioni 152.1 hivi. Jumla ni milioni 299.2, nao ndio urefu wote wa duaradufu. Nusu yake ni 149.6. Toka kitovu hadi Jua ni nusu ya tofauti, yaani milioni 2.5. Nusu ya upana mdogo ni kipeuo cha 149.6² − 2.5², karibu 149.58. Katika daftari, kwa kipimo cha sentimita 1 kwa kilomita milioni 20, nusu ya urefu ni sentimita 7.48. Nusu ya upana inapungua hapo kwa takribani sehemu moja ya mia ya milimita. Penseli yako haiwezi kuonyesha tofauti hiyo. Jua linakaa pembeni mwa kitovu kwa milimita 1 na robo tu.

Kwa macho, njia ya Dunia ni duara. Tena Dunia huwa karibu zaidi na Jua mwezi Januari, wakati Ulaya inatetemeka kwa baridi. Kumbe chanzo cha majira si umbali, bali ni kuinama kwa mhimili wa Dunia kwa nyuzi 23.5 hivi. Aliyekariri picha ya yai amedanganyika katika masomo mawili kwa mara moja. Aliyeuliza namba hakudanganyika.

La kufanya wiki hii

Funga daftari lenye visanduku. Chukua karatasi ya grafu na milinganyo mitatu niliyotumia hapa. Kwa kila mmoja jibu maswali matatu tu: kitovu kiko wapi, umbo linafika wapi kulia na kushoto, linafika wapi juu na chini. Ongeza nukta mbili za katikati ili mkono usibuni. Pitisha penseli kwa mkunjo laini, ncha zikiwa za mviringo. Hakiki nukta moja. Halafu tunga mlinganyo wako wa nne, mpe mwenzako auchore, nawe uchore wa kwake, kisha mbadilishane karatasi na kusahihishana.

Ukimaliza, fungua tena daftari uvitazame vile visanduku. Utaona kwamba kila kanuni iliyomo umekwisha kuipata kwa mkono wako mwenyewe. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Katika chumba cha mtihani hutaruhusiwa kumuuliza jirani wala msimamizi, lakini mlinganyo uko mbele yako kwenye karatasi ya maswali, na huo unaruhusiwa kuuuliza mara nyingi upendavyo.